Aliyepona Korona Mbele ya Ngazi ya Meli

Mtu aliyeugua UVIKO-19 akapona kabisa anaweza kupimwa wiki tano au sita baadaye, na kipimo kikasema bado ana virusi. Homa imemwacha, kikohozi kimekwisha, ladha ya chakula imerudi mdomoni, na hata akikaa chumba kimoja na wenzake hamwambukizi yeyote. Lakini karatasi inasema ana virusi. Safari za meli za kitalii ziliporudi Marekani mwaka 2021 baada ya kusimama zaidi ya mwaka mzima, na kila abiria akatakiwa kuja na cheti cha kipimo, jambo hili likawa kikwazo kwa watu wazima wa afya waliokuwa wamekwisha kulipia safari zao. Liliwalazimu watunga kanuni kujibu swali ambalo mwanzoni halikupewa uzito. Aliyepona apimwe au asipimwe? Na kama atapimwa, apimwe kwa kipimo kipi?

Hofu ya wenye meli ilikuwa na sababu. Tarehe 3 Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilifika Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711: abiria 2,666 na wahudumu 1,045. Abiria mmoja aliyekuwa ameshuka Hong Kong tarehe 25 Januari alikuwa amekwisha kupimwa huko na kukutwa na virusi. Kuanzia tarehe 5 Februari abiria waliamriwa wasitoke vyumbani. Wahudumu hawakuwa na nafasi hiyo. Waliendelea kupika, kupakua na kupeleka chakula mlango hadi mlango, na wakimaliza zamu walirudi kulala katika vyumba vidogo walivyokaa zaidi ya mmoja. Hadi mambo yalipokwisha, watu 712 walikuwa wameambukizwa. Kilichowashtua madaktari zaidi ni kwamba karibu nusu ya hao hawakuwa na dalili yoyote siku waliyopimwa. Kumpima mtu joto kwenye paji la uso, kumuuliza kama anakohoa, kumtazama anavyotembea: yote hayo yangewaacha karibu nusu ya wenye virusi wapite.

Mwezi uliofuata mambo yakawa mabaya zaidi. Tarehe 19 Machi 2020 meli ya Ruby Princess ilitia nanga Sydney, Australia, na abiria wapatao 2,650 wakashuka wakasambaa mjini na kwenye viwanja vya ndege kabla majibu ya vipimo hayajatoka. Vifo 28 vilihusishwa na safari hiyo. Meli ya Zaandam ilikataliwa na bandari za Amerika Kusini, ikahangaika baharini hadi tarehe 2 Aprili ilipopokewa Fort Lauderdale, Florida, ikiwa abiria wanne wamefia humo. Kabla ya hapo, tarehe 14 Machi, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi CDC, kilikuwa kimepiga marufuku safari hizo. Marufuku hiyo ilidumu hadi tarehe 30 Oktoba 2020, ikafuatwa na kanuni za kurejea baharini kwa masharti. Meli ya kwanza kubwa iliyobeba abiria wa kulipa kutoka bandari ya Marekani, Celebrity Edge, iling'oa nanga Fort Lauderdale tarehe 26 Juni 2021.

Basi meli zilirudi zikiwa na milango miwili ya kujihami: chanjo na kipimo. Chanjo ina mazungumzo yake. Kipimo ndicho kilichomkwamisha aliyepona, na ili kuelewa kwa nini, ni lazima kujua kipimo chenyewe hutafuta nini.

Kijiti chembamba chenye nyuzi laini nchani huingizwa puani, kikifuata usawa wa kaakaa, hadi kifike nyuma kabisa ambako pua hukutana na koo. Huzungushwa hapo kwa sekunde chache huku machozi yakimlengalenga anayepimwa, kisha hutumbukizwa katika kichupa chenye majimaji maalumu na kupelekwa maabara. Huko hutumika njia ya PCR, aliyoibuni Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Mashine hutafuta kipande cha vinasaba vya virusi, na kikiwepo hukizidisha mara mbili kwa kila mzunguko. Baada ya mizunguko 10 kipande kimoja kimekuwa takriban 1,000. Baada ya 20 kimekuwa milioni moja. Baada ya 30 kimefika bilioni. Maabara nyingi huendesha mizunguko hadi kama 40. Kadiri virusi vinavyokuwa vingi puani, ndivyo mashine inavyovigundua mapema, katika mzunguko wa 18 au 20. Vikiwa vimebaki vipande vichache, huonekana kwenye mzunguko wa 35 au zaidi.

Tofauti hiyo si ndogo. Kati ya mzunguko wa 18 na wa 35 kuna mizunguko 17, maana yake wa kwanza alikuwa na vinasaba vya virusi zaidi ya mara 130,000 ya vile vya wa pili. Lakini cheti anachopewa msafiri kwa kawaida hakionyeshi namba ya mzunguko. Huandikwa tu kwamba virusi vimeonekana au havikuonekana. Aliye katika siku ya tatu ya ugonjwa, anayemwaga virusi kila anapozungumza, na aliyepona mwezi mmoja uliopita hupewa karatasi zinazofanana neno kwa neno. PCR huona moto na huona majivu ya moto uliokwisha kuzimika, na cheti chake hakisemi ni kipi kati ya hivyo viwili.

Kwamba mabaki hayo hayaambukizi si dhana tu. Ili kujua kama virusi vilivyo puani ni hai, wataalamu huchukua majimaji yale na kuyaweka juu ya seli zilizooteshwa maabara, kisha hungoja siku kadhaa waone kama virusi vitaingia katika seli hizo na kuzaana. Mwanzoni mwa mwaka 2020 madaktari wa Ujerumani walifanya hivyo kwa wagonjwa tisa waliolazwa Munich. Baada ya siku ya nane ya dalili hawakuweza tena kuotesha virusi hai, ingawa PCR iliendelea kuona vinasaba vyake. Korea Kusini ilikuja na ushahidi mkubwa zaidi. Aprili 2020 habari zilienea kwamba watu waliopona huko walikuwa wakikutwa na virusi kwa mara ya pili, na dunia ikaingiwa na hofu kwamba ugonjwa huu haumwachi mtu. Wakuu wa afya waliwafuatilia watu 285 wa namna hiyo pamoja na watu 790 waliokuwa wamekaribiana nao. Hakupatikana mgonjwa mpya hata mmoja ambaye ingeweza kusemwa kwamba aliambukizwa na hao. Sampuli 108 zilijaribiwa kuoteshwa, na virusi hai havikutoka katika yoyote.

Jaribio la London, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, liliweka kalenda ya ugonjwa wazi zaidi. Vijana 36 walikubali kwa hiari yao kutiwa virusi puani wakiwa chini ya uangalizi wa madaktari. Waliopata maambukizi walikuwa 18. Virusi vilifika kilele siku ya tano hivi, na kwa wastani viliendelea kupatikana vikiwa hai puani hadi karibu siku ya kumi. Kwa mtu wa kawaida aliyeugua kidogo, basi, siku kumi ndiyo mipaka ya hatari. Aliyeugua sana aliweza kufikia siku 20, na wale ambao kinga yao ya mwili imedhoofishwa na ugonjwa mwingine au na dawa waliweza kukaa na virusi hai kwa muda mrefu zaidi. Hawa wa mwisho hawafai kuamuliwa kwa kuhesabu siku pekee, wanahitaji daktari.

Vinasaba visivyo hai, kwa upande wake, vinaweza kuonekana kwa PCR hadi miezi mitatu. Kutokana na hilo CDC ilishauri tangu mwaka 2020 kwamba aliyepona asipimwe tena ndani ya siku 90 kama hana dalili mpya. Ushauri huo ndio ulioingia katika kanuni za usafiri. Amri ya Marekani ya Januari 2021 kwa wasafiri wa ndege wanaoingia nchini humo ilidai cheti cha kipimo kilichofanyika ndani ya siku tatu, au badala yake hati za kupona. Meli za kitalii zilifuata njia hiyo hiyo: abiria aliyethibitisha kwamba aliugua ndani ya siku 90 zilizopita, akapona na hana dalili, hakutakiwa kupimwa.

Hati zenyewe zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa na masharti yake. Ya kwanza ni majibu ya kipimo kilichoonyesha virusi, yenye jina la msafiri kama lilivyo kwenye pasipoti na tarehe ya kuchukuliwa sampuli. Kipimo hicho kilipaswa kuwa cha kutafuta virusi, yaani PCR au kipimo cha haraka cha antijeni. Cha damu kinachotafuta kingamwili hakikufaa, kwa sababu kingamwili haziwezi kusema mtu aliugua lini. Ya pili ni barua ya daktari au ofisa wa afya ya umma, iliyoandikwa kwenye karatasi rasmi yenye jina, anwani na simu ya anayeandika, ikiwa na saini na tarehe, na kueleza kwamba mtajwa amemaliza kujitenga na anaruhusiwa kusafiri. Barua isiyo na majibu ya kipimo haikutosha, wala majibu yasiyo na barua.

Ukizitazama kwa makini, hati hizi zilirudisha utaratibu wa zamani sana wa bandarini, wa kuhesabu siku. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru wanaotoka penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Katika pwani ya Afrika Mashariki kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe wa Zanzibar, kilijengewa gereza katika miaka ya 1890 ambalo halikutumika kama gereza, kikageuka kituo cha kuwatenga abiria waliokuja kwa meli wakihofiwa kuwa na homa ya manjano. Wakuu wa bandari wa enzi hizo hawakuwa na mashine ya kuona virusi. Walikuwa na kalenda, na kwa aliyekwisha kuugua akapona kalenda ilikuwa na hekima ambayo mashine haina.

Hebu kanuni ya siku 90 itazamwe kwa mfano. Mtu amekutwa na virusi tarehe 3 Januari 2022, na meli yake inaondoka Miami tarehe 12 Februari. Zimepita siku 40. Akienda kupima PCR siku mbili kabla ya safari, anaweza kukutwa na vinasaba, na kampuni ya meli ikamzuia kama inavyomzuia mgonjwa wa leo. Akileta hati mbili za kupona, hapimwi kabisa, anapita. Akipimwa kwa kipimo cha haraka cha antijeni, ambacho hutafuta protini ya virusi na kutoa majibu kwa dakika kama 15, huenda kisione kitu, maana baada ya siku 40 protini hiyo kwa kawaida imekwisha. Mtu ni yule yule, pua ni ile ile, siku ni ile ile. Kinachotofautiana ni karatasi aliyoshika tu, na hilo ni jambo zito kwa mtu aliyetumia akiba ya miaka kulipia safari ya familia.

Mke wake, tuseme, aliugua baadaye, tarehe 5 Februari. Siku ya safari yuko katika siku ya saba. Huyu hakuwa na haki ya kupanda, hata akijisikia mzima, kwa sababu jaribio la London linaonyesha kuwa siku ya saba virusi bado vinaweza kuwa hai. Kampuni kadhaa ziliweka mpaka wa chini kwa ajili ya watu kama yeye: majibu ya ugonjwa yasiwe ya chini ya siku kumi na moja wala zaidi ya siku 90. Mpaka huo wa chini haukuzungumzwa sana, lakini kwa usalama wa meli ulikuwa na maana zaidi kuliko ule wa juu. Aliyevuka siku ya 90 alirudi katika hali ya kila abiria, akapimwa. Aliye katika siku ya saba angeweza kuwapelekea wenzake ugonjwa mezani.

Ilikuwapo pia mitego ya tarehe. Marekani huandika mwezi kwanza kisha siku, wakati Ulaya na Afrika Mashariki huanza na siku. Karatasi yenye 03/01/2022 iliyotoka hospitali ya Nairobi au Madrid, iliyokusudia tarehe 3 Januari, ilisomeka mbele ya dawati la Florida kama tarehe 1 Machi. Mwezi ukiandikwa kwa herufi, utata huo haupo. Mtego wa pili ulikuwa wa kurudi. Aliyepanda meli akiwa katika siku ya 85 alikuwa ndani ya muda, lakini akisafiri siku kumi na kupanda ndege ya kurudi Marekani kutoka bandari ya Ulaya, siku 90 zilikuwa zimekwisha kumpita, na barua iliyomfungulia mlango wa meli haikumfungulia mlango wa ndege.

Ulaya yenyewe ilihesabu kwa namna nyingine. Cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya, kilichoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, kilikuwa na aina tatu: cha chanjo, cha kipimo na cha kupona. Cha kupona kilianza kuwa halali siku ya 11 baada ya kipimo cha kwanza kilichoonyesha virusi, kikaisha siku ya 180. Aliyeugua siku 120 zilizopita alihesabika Barcelona kuwa mtu aliyepona, na Miami akahesabika kuwa mtu wa kupimwa. Pande zote mbili zilitumia sayansi ile ile. Tofauti ilitokana na swali walilojiuliza: Marekani iliangalia muda ambao PCR inaweza kudanganya, Ulaya ikaangalia muda ambao kinga ya kuugua inaweza kumlinda mtu. Maswali hayo mawili hayana jibu moja, na abiria hakuelezwa kwamba anajibu mawili.

Kwa mabaharia na wahudumu wa meli mzigo ulikuwa mkubwa kuliko wa abiria, na wamo vijana wa Kenya wanaotoka Mombasa na Nairobi kwenda kuzipanda meli hizo kazini. Abiria aliyezuiwa alikosa likizo. Mhudumu aliyezuiwa alikosa mkataba wa miezi kadhaa. Njia yake ilikuwa na vipimo vya kila mpaka. Kenya ilidai PCR iliyofanyika ndani ya saa 96 na ikaingia katika mfumo wa Afrika wa Trusted Travel, uliotoa namba ya kuhakiki cheti kwa kompyuta. Tanzania, kuanzia Mei 2021, ilidai PCR ya ndani ya saa 72 pamoja na kipimo cha haraka mtu akifika. Uhakiki wa namna hiyo ulihitajika, kwa kuwa vyeti bandia vilikuwa biashara. Novemba 2020 polisi wa Ufaransa walikamata watu waliokuwa wakiuza vyeti vya uongo katika uwanja wa Charles de Gaulle, na Februari 2021 shirika la polisi la Ulaya, Europol, likatoa onyo kwa nchi zote wanachama. Barua ya kupona ilikuwa rahisi zaidi kughushi kuliko cheti cha maabara, kwa sababu haikuwa na namba ya kuhakiki, ilikuwa na simu ya daktari tu.

Kuna kundi ambalo kanuni ililisahau, nalo ni la watu waliougua kweli na hawana karatasi. Januari 2022 serikali ya Marekani ilianza kutuma bure vipimo vya nyumbani kwa kila kaya iliyoomba. Ilikuwa hatua njema. Watu walijipima mezani kwao, wakaona mistari miwili, wakajitenga, wakapona bila kumsumbua daktari wala kujaza hospitali. Wiki nne baadaye walipotaka kupanda meli, kipimo cha nyumbani kilichofanyika bila msimamizi hakikukubaliwa kuwa ushahidi, na PCR ikiwaona wamebaki na vinasaba hawakuwa na hati ya kujitetea. Waliofuata ushauri wa afya kwa utulivu ndio walioadhibiwa. Kwa asiye na daktari wa kudumu, na Marekani wako wengi, hata barua ya daktari ilikuwa ya kutafuta kwa fedha. Hapa kanuni ilikuwa na kasoro ya haki, wala si ya sayansi, na ingeweza kurekebishwa kwa jambo moja jepesi: kumruhusu abiria asiye na dalili, anayeeleza kwamba aliugua karibuni, apimwe antijeni badala ya PCR.

Kanuni ya siku 90 ilisimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni kwamba PCR huona mabaki. Ya pili ni kwamba aliyeugua haugui tena upesi. Nguzo ya pili ilikuwa imara mwanzoni, ingawa haikuwa kamili. Agosti 2020 mwanamume wa Hong Kong mwenye umri wa miaka 33, akirudi kutoka Hispania, alipimwa uwanja wa ndege na kukutwa na virusi siku 142 baada ya kuugua mara ya kwanza. Vinasaba vilisomwa, ikaonekana ni virusi vya aina nyingine kabisa, si mabaki ya vile vya kwanza. Huyo ndiye mtu wa kwanza ambaye kuugua kwake mara mbili kulithibitishwa kisayansi, na hakuwa na dalili mara ya pili. Hata hivyo visa kama chake vilikuwa vichache. Utafiti wa wafanyakazi wa afya wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuugua kulipunguza uwezekano wa kuambukizwa tena kwa asilimia 84.

Kisha kikaja kirusi cha aina mpya, Omikroni. Wataalamu wa Afrika Kusini na Botswana walikitambua Novemba 2021, na Shirika la Afya Duniani likakipa jina tarehe 26 ya mwezi huo. Utafiti wa Qatar ulionyesha kwamba kuugua hapo awali, kulikolinda kwa karibu asilimia 90 dhidi ya aina zilizotangulia, kulilinda kwa asilimia 56 tu dhidi ya Omikroni. Nguzo ya pili ikayumba. Aliyeugua Oktoba aliweza kuugua tena Januari akiwa bado na barua halali mfukoni, na barua hiyo ikamwepusha na kipimo ambacho safari hii alikihitaji. Tarehe 30 Desemba 2021 CDC iliwashauri watu wote waepuke meli za kitalii kwa muda, waliochanjwa na wasiochanjwa.

Marekebisho ya maana yalikuja Agosti 2022. CDC ilitenganisha muda: ndani ya siku 30 asiye na dalili hana haja ya kupimwa; kati ya siku 31 na 90 apimwe akikaribiana na mgonjwa au akiwa na dalili, lakini apimwe kwa antijeni, isiwe PCR. Kanuni hiyo ilikuwa bora kuliko zote zilizotangulia. Iliacha kumuuliza aliyepona swali ambalo mashine haiwezi kulijibu, na wakati huo huo haikumpa kinga ya karatasi asiyostahili. Kwa bahati mbaya ilikuja wakati milango yenyewe ya ukaguzi ilikuwa inaondolewa. Mpango wa CDC wa meli za kitalii ulimalizika tarehe 18 Julai 2022, na kampuni zikaanza kuacha vipimo vya kabla ya safari.

Kipimo, hata kikiwa kizuri namna gani, hakikuwa ngao kamili. Aliyeambukizwa jana hana virusi vya kutosha kuonekana leo, na aliyepimwa siku mbili kabla ya safari ana siku mbili za kukutana na mgonjwa hotelini au kwenye ndege. Novemba 2022 meli ya Majestic Princess ilitia nanga Sydney ikiwa na watu wapatao 4,600, na karibu 800 kati yao walikuwa na virusi. Wengi walikuwa wamechanjwa na waliugua kidogo. Kipimo cha kabla ya safari hupunguza idadi ya wanaopanda na virusi. Hakiifanyi kuwa sifuri. Kwa sababu hiyo meli ilihitaji pia vyumba vya kujitenga, daktari, hewa inayobadilishwa na wahudumu wasioogopa kusema kwamba wanaumwa.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena, na cheti cha Ulaya kikaacha kutumika tarehe 30 Juni mwaka huo. Leo meli nyingi hazimtaki abiria alete cheti chochote cha korona. Lakini Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar zinaendelea kupokea meli za kitalii, na ugonjwa mwingine wa njia ya hewa hautabisha hodi. Wakuu wa afya wa bandari hizo wanaweza kuandika sasa, kabla ya mafua yajayo, kifungu cha aliyepona: siku za chini na za juu, kipimo gani kitumike, nani anaandika barua na inahakikiwa wapi, na tarehe iandikwe mwezi kwa herufi. Ni ukurasa mmoja tu, na waandishi wake wana ushahidi wote wanaouhitaji.